Nilimwambia "Jumatano", na Jumatano sikwenda

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka minne kazini, afisa ustawi wa jamii upande wa watoto. Kazi hii niliisomea na ninaipenda, na sijawahi kumwandikia mtu yeyote habari zake. Leo naandika kwa sababu kuna nyumba moja ambayo siku hizi nikiwa na safari ya upande ule nazunguka njia ya mbali ili nisipite mbele yake.

Ndani ya nyumba hiyo wanaishi watoto wawili niliowapeleka kwa mkono wangu. Mvulana ana miaka 9, mdogo wake wa kike ana miaka 3. Niliwaondoa kwao miezi saba iliyopita, usiku, baada ya jirani kutoa taarifa. Mama alikuwa analea peke yake, anafanya kazi ya usiku, na tangu mume aondoke alikuwa ameanza kunywa. Usiku ule binti aliungua mkono, na aliyekuwa naye ndani ni kaka yake tu. Nilipoingia nilimkuta mvulana ameuzamisha mkono wa mdogo wake kwenye ndoo ya maji baridi, huku anamwimbia taratibu ili anyamaze. Nilipowaambia tuondoke aliuliza kitu kimoja: "Mama akirudi atajua tuko wapi?" Nikamwambia atajua. Hilo nilitimiza, mwenzangu alibaki mlangoni mpaka mama aliporudi alfajiri.

Siku ya kwanza mahakamani mama aliniita mwizi wa watoto mbele ya watu. Sikumlaumu. Baadaye aliingia kwenye matibabu ya ulevi, na sasa ni mwezi wa tano hajagusa pombe. Amehamia zamu ya mchana. Dada yake amekuja kuishi naye. Hajakosa hata siku moja ya kuonana na watoto. Yote tuliyoandika kwenye mpango ameyafanya.

Shauri lilipangwa kusikilizwa mwezi uliopita, siku ya Jumanne. Jumatatu nilipowatembelea watoto, mvulana alinishika mkono na kuuliza, "Lini?" Nilichoka kumjibu "bado". Nikamwambia, "Jumatano nakuja kuwachukua, mnarudi kwa mama."

Jumanne hakimu aliahirisha shauri kwa wiki sita kwa sababu ripoti ya tathmini haikuwemo kwenye jalada. Shangazi, ripoti hiyo ilikuwa yangu. Nina mashauri 46. Ripoti ile niliianza mara tatu, na mara zote tatu nikaitwa kwenye dharura. Msimamizi wangu anadhani ni makaratasi tu yaliyochelewa kufika. Mama nilimwambia, "Mahakama imeahirisha," na nikaishia hapo.

Jumatano sikwenda. Nilijiambia nitampigia simu mlezi. Sikupiga. Usiku akanipigia yeye. Mvulana alivaa viatu tangu asubuhi. Alikunja nguo zake na za mdogo wake, akazifunga kwenye mfuko, akakaa nao kwenye ngazi ya mlango. Giza lilipoingia mlezi akamwambia aingie ndani. Akajibu, "Nikiingia hataniona." Alilala na viatu.

Zimepita wiki tatu na sijaenda. Mlezi anasema mvulana ana daftari anachora mistari, mstari mmoja kila siku, na haulizi tena chochote. Kila akitoka kuonana na mama yake anarudi na hasira, usiku anajikojolea, na mlezi anaomba siku za kuonana zipunguzwe. Mdogo ndiye aliyetulia. Halii tena wakiagana na mama, na ameanza kumwita mlezi "mama". Nilitaka kufurahi kwa hilo, nikashindwa.

Ripoti nimekwisha kuipeleka. Zimebaki wiki tatu shauri lisikilizwe. Barua ya kuacha kazi nimeiandika, imo kwenye droo. Nifanye nini?

Afisa wa miaka minne

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye maneno yale mawili ya mvulana: "Nikiingia hataniona."

Jibu langu la kwanza ni fupi. Nenda Jumatano hii. Usisubiri shauri lisikilizwe ili uwe na habari njema ya kwenda nayo. Najua ndicho unachosubiri, maana katika miaka 26 niliyofanya kazi hiyo nami nilikisubiri mara nyingi. Tunaona aibu kwenda kwa mtoto mikono mitupu. Lakini wiki moja ya aibu huzaa ya pili, na ya pili huzaa ya tatu, na mtoto huko aliko anahesabu.

Tazama anavyofikiri mtoto huyo. Usiku ule wa kuungua, mtu mzima pekee ndani ya nyumba alikuwa yeye mwenye miaka 9. Yeye ndiye aliyetafuta ndoo, yeye ndiye aliyeimba. Leo bado anaamini kwamba mambo yakienda vibaya ni kwa sababu yeye hakukaa macho vya kutosha. Akiingia ndani, gari litapita. Mtoto wa namna hii ukimwachia kimya, atakijaza kwa makosa yake mwenyewe. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba wiki hizi tatu hajazitumia kukukasirikia wewe. Amezitumia kujiuliza alikosa nini.

Ndiyo maana ukifika, neno la kwanza liwe lile la kumtua mzigo. Kaa chini, uwe kimo chake. Mwambie hivi, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Jumatano ile nilisema nitakuja, sikuja. Nilikosea. Wewe hukukosa kitu. Nilitakiwa kumpelekea hakimu karatasi, nikachelewa, ndiyo maana siku ikasogezwa mbele. Si kwa sababu yako wala ya mama." Halafu nyamaza. Usimweleze mashauri 46. Usimweleze dharura. Mtoto akisikia sababu nyingi anaanza kukuonea huruma, na huyo amekwisha kuwaonea watu wazima huruma ya kutosha.

Kisha mwambie usichokijua: "Sijui hakimu atasema nini." Sentensi hii ni ngumu kuitoa mdomoni kuliko ahadi, lakini mtoto anaweza kuishi nayo. Na baada yake mpe kitu cha kushika: "Siku hakimu atakaposema, nitakuja mimi mwenyewe kukwambia, hata kama si habari njema."

Mwanangu, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Jumatatu ile uliahidi uamuzi wa mtu mwingine. Hakimu si wewe, na hata ripoti ingefika kwa wakati, bado angeweza kusema vinginevyo. Ahidi miguu yako. "Nitakuja Jumatano saa kumi jioni" ni ahadi iliyo mikononi mwako. "Mtarudi kwa mama" haimo. Na ukiona hata miguu yako huna uhakika nayo, usitaje siku. Ikitokea dharura ya kweli, piga simu kabla ya saa uliyosema, uzungumze na mtoto mwenyewe, si mlezi peke yake. Nimewaona watoto wakisamehe maafisa walioleta habari chungu, na wakashindwa kabisa kumwamini tena afisa mpole aliyekuwa haji.

Mchukulie karatasi kubwa yenye siku za wiki hizi tatu, mzijaze pamoja. Siku za kuonana na mama, siku utakazokuja wewe, siku ya shauri. Ile ya shauri iandikwe "siku ambayo hakimu anasikiliza". Isiandikwe "siku ya kurudi nyumbani". Mfuko wa nguo, kama bado umefungwa, usimfungulie. Muulize angependa ukae wapi. Na ukiona hakutazami wala hajibu, usimbane. Watoto wengi huzungumza vizuri zaidi wakiwa ubavuni mwako kuliko uso kwa uso: mkitembea, mkiwa ndani ya gari, mkikunja kitu pamoja. Mambo mazito kuliko yote niliyowahi kuambiwa na watoto niliambiwa nikiwa nimeshika usukani na kutazama mbele.

Siku hiyohiyo, au nyingine usiyoichelewesha, kuna neno la pili analotakiwa kulisikia. Je, kuna mtu yeyote katika miezi saba hii aliyemwambia kwamba mdogo wake kuungua halikuwa kosa lake, na kwamba maji yale baridi yalimsaidia? Barua yako haisemi. Kama hakuna, mwambie wewe. Ulikuwepo, uliona.

Nageukia kwa mdogo, kwa sababu ulisema ulitaka kufurahi ukashindwa, na nadhani moyo wako uliona sawasawa. Miaka ya mwanzo ya 1950 huko Uingereza, James Robertson, aliyefanya kazi pamoja na daktari John Bowlby, aliwafuatilia watoto wadogo waliolazwa hospitali mbali na wazazi, enzi ambazo wazazi waliruhusiwa kuwaona kwa nadra. Aliona kwamba kwanza mtoto hulia na kupigania kurudi. Baadaye hunyong'onyea. Mwishowe hutulia, anacheka na wauguzi, na mama akija anamtazama kama mgeni. Wauguzi walisema mtoto amezoea. Robertson na Bowlby walisema utulivu ule unaweza kuwa ni mtoto aliyekata tamaa, na polepole hospitali zikabadili taratibu zake za kuwaruhusu wazazi.

Sisemi kwamba binti huyu amekata tamaa. Ni miaka 3, yuko kwa mlezi mmoja anayemjali, na inawezekana kabisa ametulia kweli. Nenda ukaangalie kwa macho yako. Akijikwaa akaumia, anamkimbilia mlezi au analia peke yake pembeni? Anacheza, au anakaa tu pale alipowekwa? Mama yake akiingia, dakika zile za kwanza uso wake unafanya nini? Hayo yatakuambia zaidi ya kulia au kutolia wakati wa kuagana. Na kumwita mlezi "mama" kusikutie hofu wala kusimwumize mama mzazi zaidi ya inavyolazimika. Mtoto wa umri huo anampa jina hilo anayemlaza na kumwamsha. Asikatazwe. Lakini picha ya mama yake iwepo mahali anapofikia, na mlezi awe analitaja jina la mama kwa sauti ya kawaida, kila siku, kama mtu anayetarajiwa.

Kuhusu mvulana kujikojolea baada ya kuonana na mama: usipunguze siku. Namwelewa mlezi, yeye ndiye anayefua mashuka na kubeba hasira ile saa mbili usiku, na mshukuru kwa dhati, kwa sababu walezi wa aina hiyo hawapatikani kirahisi. Ila hasira ile si ushahidi kwamba mama anamdhuru. Mara nyingi ni maumivu ya kuachana tena, kila wiki, na mtu anayempenda. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 inampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kunakwenda kinyume na masilahi yake. Sasa hiyo "isipokuwa" usiipite. Kaa kwenye ziara moja mwanzo hadi mwisho. Kama mama anamtisha, au anamnong'oneza mambo ya kesi, au anafika amekunywa, hilo ni shauri jingine na uliandike. Kama siyo, ibadilishwe namna ziara inavyokwisha. Iwe na mwisho uleule kila mara, dakika kumi kabla waambiwe muda umekaribia, mama ampe kitu kidogo cha kurudi nacho, na mama na mlezi wasalimiane mbele ya watoto. Kusalimiana huko kunafanya kazi kubwa. Mtoto akiwaona watu wazima wake wawili wanapeana mkono, hahitaji kuchagua upande.

Na mama.

Hapa nitakuwa mkali kidogo, mwanangu. "Mahakama imeahirisha" ni kweli iliyokatwa mkia. Mama huyu ana miezi mitano bila pombe. Amefanya yote aliyotakiwa, kisha siku ikafika na hakurudishiwa watoto, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Unadhani anajiambia nini usiku? Anajiambia hakimu hamwamini. Anajiambia kuna kitu kibaya kimeandikwa juu yake. Mtu anayetoka kwenye ulevi hupambana na aibu kila siku, na wewe umemwongezea aibu ambayo si yake. Mwambie: "Ripoti ilikuwa yangu, nilichelewa. Wewe ulikuwa tayari." Anaweza kukuita mwizi wa watoto kwa mara ya pili. Mwache aseme, na mwonyeshe anapoweza kupeleka malalamiko kama anataka, bila kununa.

Lakini kabla ya mama, nenda kwa msimamizi wako, na uende leo. Mama asijue jambo ambalo ofisi yako hailijui. Ukiwa hapo omba vitu viwili. Kwanza, kwa kuwa ripoti sasa imo, wakili wa ofisi aiombe mahakama isogeze shauri karibu. Mara nyingine huwa kuna nafasi, na karani hawezi kukupa usichoomba. Pili, uliza kama amri iliyopo inaruhusu siku za kuonana zirefushwe na zifanyike nyumbani kwa mama, dada yake akiwepo, na mahakama ikikubali hata usiku mmoja mmoja. Hata Jumatano ile ingetimia, kuwatoa watoto sehemu moja na kuwatua nyingine kwa mchana mmoja baada ya miezi saba kungekuwa kugumu kwao. Kurudi nyumbani kunahitaji hatua, na miezi ya kwanza baada ya kurudi ndiyo inayohitaji ziara zako zaidi, ingawa ndiyo ambayo ofisi nyingi hufunga faili na kupumua. Mtoto anayelala kwa mama kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu atampima. Atavunja kitu, atakataa kulala, atasema anamtaka mlezi. Mama asiyeandaliwa atadhani ameshindwa.

Kisha andika haya yote kwenye faili. Nakusihi sana juu ya hili, na nitakuambia kwa nini.

Nilipokuwa na miaka kama yako kazini niliandika juu ya mama mmoja: "Hatoi ushirikiano." Alikuwa amekosa miadi mitatu. Miadi yote mitatu niliipanga saa tatu asubuhi, saa aliyokuwa kazini, na sikuwahi kumuuliza. Nilihamishwa, na kila afisa aliyenifuata aliinakili sentensi ile, kwa kuwa ilikuwa fupi na ilionekana ya kitaalamu. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimerudi ofisi ileile, binti wa mama yule alikuja kusoma faili lake. Alikuwa mtu mzima sasa, na wengi waliolelewa nje ya kwao huja hivyo, kutafuta habari zao. Nilikaa naye mezani. Akafika kwenye mstari ule, akaweka kidole, akauliza, "Huyu aliyeandika hivi ni nani?" Nikamwambia ni mimi, nikamweleza habari ya saa tatu asubuhi. Hakunitukana. Alikaa kimya, kisha akaomba kalamu, akaandika kwenye karatasi tupu saa ambazo mama yake alikuwa akiingia na kutoka kazini. Karatasi hiyo tuliiambatisha nyuma ya ukurasa ule.

Kwa hiyo kwenye faili la watoto hawa andika: shauri limeahirishwa kwa sababu ripoti ya ofisi ilichelewa, mama alihudhuria. Andika kwamba mvulana aliahidiwa siku na hakufuatwa. Na usisahau kuandika ile ndoo ya maji na wimbo. Siku moja atakuja mtu wa miaka 20 na zaidi kuketi mezani na kutafuta alikuwa mtoto wa namna gani.

Sasa hayo mashauri 46. Kosa lako ni lako, lakini mzigo huo si wako peke yako, na usikubali kuuficha kana kwamba ni udhaifu wako. Chama cha Child Welfare League of America cha Marekani kilipendekeza afisa anayezihudumia familia kwa muda mrefu asizidi familia 17 kwa wakati mmoja. Unazo karibu mara tatu. Mtoto Victoria Climbié alipofariki London mwaka 2000, akiwa na miaka 8, kwa mateso ya watu waliokuwa wakimlea, uchunguzi wa Lord Laming uliochapishwa mwaka 2003 ulihesabu nafasi 12 ambazo vyombo vilivyohusika vingeweza kuingilia kati na havikufanya hivyo, na Laming hakuishia kwa maafisa wa chini. Aliwaelekezea lawama nzito wakuu waliokuwa juu yao. Mpe msimamizi wako orodha kwa maandishi: nani hajaonwa kwa zaidi ya mwezi, ripoti ipi inakaribia tarehe, shauri lipi linaweza kukabidhiwa mwingine au kufungwa. Usiandike "nimelemewa". Andika majina na tarehe. Tarehe haziwezi kujibiwa kwa "jikaze".

Na barua iliyo kwenye droo. Sitakuambia uipeleke wala uichane. Kuna watu walioacha kazi hii wakiwa na haki kabisa ya kuiacha, na kubaki ukiwa umekauka si wema kwa mtoto yeyote. Kuna uchovu unaotokana na kubeba maumivu ya wengine kila siku. Hauondoki kwa usingizi mmoja wala likizo moja, na unahitaji mtu wa kukusikiliza anayeijua kazi, kila wiki, kwa saa iliyopangwa. Dai saa hiyo. Lakini ninavyokusoma, kinachokufanya uzunguke njia ya mbali si uchovu peke yake. Ni mlango mmoja. Usiamue juu ya kazi yote kabla hujaugonga mlango huo.

Utafiti mmoja uliofanyika Milwaukee, Marekani, miaka ya 2003 na 2004 uliwafuatilia watoto walioingia kwenye malezi ya kambo. Waliobaki na afisa mmoja, karibu robo tatu walipata makao ya kudumu. Waliobadilishiwa afisa mara moja, chini ya mmoja kati ya watano. Si afisa pekee aliyeleta tofauti hiyo, maana mtoto anayekaa sana kwenye mfumo naye hukutana na maafisa wengi. Hata hivyo, kila afisa mpya anaanza kusoma upya, na mtoto anaanza kusimulia upya, mpaka anachoka kusimulia. Ukiamua kuondoka, muage kila mtoto ana kwa ana, na yule mpya umpeleke wewe mwenyewe akaonwe. Usiwe mtu mwingine aliyesema atakuja.

Jumatano fika mapema kidogo kuliko saa uliyosema. Ukimkuta kwenye ngazi, kaa kwenye ngazi. Akileta daftari lake, mwache afungue yeye, ahesabu mistari yake kwa sauti mpaka mwisho hata ikichukua muda, na wewe usimkatize. Akimaliza ndipo umwombe radhi.

Shangazi